Kiti Kilichotoka Nje

4 Februari

Mpwa wangu, mwenye ofisi na funguo,

Nakusalimu kwanza, maana nikianza na ugomvi mke wangu, anayesoma juu ya bega langu hapa, atasema sikulelewa. Sisi wazima. Goti la kulia linaniuma na la kushoto limeanza kulionea wivu. Mke wangu amenikataza sukari, anaifungia kabatini kana kwamba mimi ni sisimizi. Binti yetu wa mwisho amejifungua salama mtoto wa kike. Amechukua sura yangu, maskini, lakini bado mdogo, labda itabadilika.

Simu usipige. Ilitumbukia kwenye kopo la gundi Jumatatu, nikaikumbuka Alhamisi. Sasa inazuia makaratasi yasipeperuke, kazi ambayo inaiweza kuliko ile ya kwanza. Tuandikiane kama watu.

Nimepata barua ya ofisi yako ya kanisa. Unauliza kwa nini fomu za Kikundi cha Saba, pale penye swali la kiti kitupu, zimejazwa maneno mawili tu, "kiko nje", wiki tano mfululizo. Aliyejaza ni katibu wetu, yule mwalimu mstaafu tunayemwita Chaki. Anasahihisha hata maombi. Juzi niliitikia amina, akaniambia nimeiwahisha.

Sikiliza basi. Ule Mwongozo wa Vikundi ulioandika wewe mwenyewe, ukurasa wa sita, unasema kila tukikutana tuweke kiti kimoja kitupu katikati, tumwombee jirani ambaye siku moja atakikalia. Vizuri. Nikatoa kiti changu, cha mbao nzuri, nimekisuka upya mwenyewe. Tumekizunguka miezi mitatu kila Jumatano alasiri sebuleni kwangu, tumekiombea mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Hakuja mtu. Nimetengeneza viti miaka arobaini na sita, na nakwambia kama fundi: kiti hakimwiti mtu. Kinangoja tu, na kungoja hata kuku anaweza.

Kwa hiyo Jumatano moja nikakibeba nikatoka nacho. Wenzangu wakanifuata, nadhani walifikiri nimerukwa na akili wakaogopa nisigongwe na gari. Tukaenda kwa mlinzi wa ghala la saruji, ambaye Jumatano hawezi kuacha geti. Nikamwekea kiti, sisi tukakaa kwenye matofali, tukafanya somo letu hapo hapo. Mwisho akasema, "Miaka tisa nalinda hapa. Leo ndiyo mara ya kwanza watu kuja bila kutaka kuingia." Sasa ni mwenzetu, hakosi, ila sisi ndio tunaomfuata. Baada yake tukampelekea fundi baiskeli. Naye yumo.

Sasa kiti kiko kwenye mlango wa tatu, na mlango huo haujafunguliwa. Ndiyo maana kiko nje.

Ni mlango wa nani? Hilo hukuuliza, na mimi mtu wa heshima, sijibu nisichoulizwa.

Ni mimi, kaka wa mama yako, mwenye mapengo na ulimi.


22 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimeipata barua yako na nimefurahi kusikia habari za mtoto. Mfikishie dada pongezi zangu. Mimi mzima. Ofisini nimehamishiwa chumba chenye dirisha, naona ukuta wa jirani, lakini mwanga unaingia. Vikundi vimefika mia na kumi, na fomu zote zinapita mezani kwangu. Tafadhali usiibe sukari.

Kuhusu kiti. Mjomba, utani wako naupenda tangu utotoni, lakini fomu zako hazisomwi na mimi peke yangu. Kabla ya kunifikia zinapitia kwa mzee wa kanda yenu. Safari hii ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Wanakaa kwenye mlango wa kijani, nyuma ya bomba la maji. Uongozi uangalie." Kila kikundi kina mahali pake palipoandikishwa. Mahali penu ni sebuleni kwako. Mwongozo unasema jirani aalikwe, hausemi afuatwe na fanicha.

Milango ya kijani ni mingi. Nakuomba tu mrudi ndani.

Mpwa wako.

Nimesahau kuuliza: hiyo rangi imebambuka, au bado ni kijani chote?


3 Machi

Mpwa wangu unayejua kuuliza kwa mlango wa nyuma,

Sote wazima, goti halijambo, mtoto ameanza kukunja uso kama mimi. Sukari naijua ilipo.

Rangi imebambuka chini, pale mlango unapopigwa teke wakati wa mvua kwa sababu mbao inavimba. Wewe ndiye uliyeupaka mwaka uliomaliza shule, ukachuruzisha rangi sakafuni, na matone yake yapo mpaka leo. Ni mlango wa mama yako. Ulijua ulipousoma ule wino mwekundu, ukaniandikia ukurasa mzima kuhusu utaratibu. Una miaka kumi na moja hujaupita.

Nitaisema mara moja, kwa kuwa wewe hutaki na yeye hataki. Mke wa huyu mzee wa kanda alimkimbilia mama yako akiwa na jicho moja limefumba kwa kupigwa. Mama yako akamficha miezi miwili kwenye chumba cha cherehani, akamfundisha kukata na kushona. Mume alipokuja kumdai, mdogo wangu alimwambia, "Napima wateja. Na wewe hapa hakuna nguo inayokufaa." Kanisa likaona mama yako ndiye aliyevunja ndoa, likamwamuru asimame mbele ya watu wote atubu. Akasimama. Akasema, "Mimi nimesimama. Na yeye asimame." Akakaa. Jumapili hiyo niliumwa mbavu kwa kicheko nilichokizuia. Wiki iliyofuata ikaja barua ya kumtenga.

Yule mwanamke leo ana duka lake la ushonaji, mbali huko, na anakula chakula chake kwa amani. Mama yako alikuwa ameshakata kitambaa cha zambarau kwa ajili ya majoho ya kwaya, alichokitoa mwenyewe. Akakishona mapazia. Kwaya nzima inaning'inia madirishani kwake mpaka leo, na kwa jinsi walivyoimba siku zile, hapo ndipo panapowafaa.

Sasa kiti. Jumatano ya kwanza tulikaa kibarazani, akatuona kupitia pazia.

"Kaka, hao umewatoa wapi?"

"Kanisani."

"Wamekuja kunitoa? Waambie nilishatoka."

"Tumekuja kukaa."

"Kaeni. Mguu wa kiti chako mfupi."

Ni kweli. Kwa kubebwa-bebwa, mguu mmoja umelika na kiti kinayumba. Fundi wa viti nikatiwa aibu na mshona sketi. Kisha akaanza kuendesha cherehani, akaiendesha somo zima. Kadiri mkunga mstaafu wa kikundi chetu alivyopaza sauti kuomba, naye aliongeza mwendo. Jumatano ya pili akasema kupitia dirishani, "Mwambieni mkunga apumue, mtoto ameshazaliwa." Mkunga alicheka mpaka akakaa chini. Jumatano ya tatu tulipoimba, cherehani ikasimama. Tulipomaliza ikaendelea. Mimi fundi, najua kazi inavyosikika mtu anapoisimamisha ili asikilize.

Hatutarudi ndani. Mwandikie mwenye wino mwekundu hivyo, kwa wino wowote utakao.

Na katika barua yako kuna neno moja hukuliandika hata mara moja. Mama. Lina herufi nne, halichoshi mkono.

Mjomba wako ambaye mguu wa kiti chake ni mfupi, lakini ulimi si mfupi.


30 Machi

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara tatu. Mimi mzima. Huku mvua zimeanza na dirisha langu linavuja kidogo, nimeweka kopo.

Naandika kwa haraka kwa sababu mzee wa kanda amepeleka mashtaka rasmi. Anasema Kikundi cha Saba kinafanya ibada kwenye nyumba ya mtu aliyetengwa. Halmashauri itakaa tarehe 24 Aprili. Kama mtakuwa bado hamjarudi sebuleni kwako, kikundi kitafutwa, na wewe kama kiongozi utatengwa pia.

Mjomba, una miaka sabini na minne. Najua utacheka. Lakini mtu aliyetengwa hazikwi na kanisa. Hakuna mchungaji, hakuna kwaya, kengele haipigwi. Mkeo atasimama pale na majirani tu. Umewahi kulifikiria hilo, au umefikiria utani peke yake?

Rudini ndani, hata kwa miezi miwili tu. Mambo yakipoa nitaona cha kufanya. Nakuomba kama mpwa, si kama ofisi.

Mpwa wako.


9 Aprili

Mpwa wangu unayenizika mapema,

Tunakusalimu. Goti limepona, nadhani limesikia habari za mazishi likashtuka. Mtoto anacheka sasa, na anacheka akiniona mimi tu, wengine anawalilia. Mke wangu nilimsomea barua yako yote. Akaenda kabatini, akaniwekea vijiko viwili vya sukari. Akasema, "Kama tutasimama na majirani tu, basi tuwe na majirani." Halafu akachukua kanga yake akaja nasi Jumatano. Alikuwa hajawahi kuja, husema nikiomba namkumbusha mnada.

Hilo la kuzikwa nimelifikiria. Mlinzi wa ghala amesema atachimba. Fundi baiskeli ana kengele, kengele arobaini hivi, za kila ukubwa, na ameahidi kuzipiga zote. Chaki atasoma wasifu wangu na kuusahihisha hapo hapo. Mimi nitakuwa nimelala, sioni nitakachopungukiwa. Anayetaka kunitisha anitishe na kitu nitakachokiona.

Sasa habari yenyewe, na ukae kitako uisome.

Jumatano iliyopita mlango ulifunguliwa. Hatukuwa tumeomba wala kuimba, ndiyo kwanza tunapangusa matofali ya kukalia. Mama yako akatoka na kigoda chake mkononi, sindano kifuani, akakiweka kati ya mkunga na mke wangu, akakaa. Tukabaki tunatazamana kama wezi waliokutana. Nikakisogeza kiti.

"Kaa hapa, mdogo wangu. Hiki ni chako."

"Changu ninacho. Hicho si changu."

"Ni cha nani sasa? Wote tumekaa."

Akatuhesabu kwa kidole, taratibu, kama anayepima kitambaa. Akasema, "Hamjaona nani hayupo?"

Hata Chaki hakusahihisha.

Baada ya somo akaniita ndani nimwangalizie cherehani, eti meza inataka kuyumba. Nikapiga goti, lile la kulia, nikaona chini ya mguu wa meza kuna karatasi imekunjwa mara nne. Nikaivuta. Ni ile barua ya kumtenga. Miaka kumi na moja imebeba cherehani, sare za shule ngapi zimepita juu yake sijui.

Mama yako akasema, "Isome mwisho." Mimi kusoma kwangu unakujua, nilitoka shule kabla shule haijanijua vizuri. Lakini chini kabisa, kushoto, baada ya sahihi za wakubwa, kuna zile herufi ndogo mbili ambazo ofisi huweka kuonyesha nani aliyepiga chapa. Herufi mbili nazisoma. Nilizichonga mimi kwenye kiti chako cha utotoni.

Nikamuuliza, "Ulijua lini?"

"Siku niliyoipokea."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nangoja aseme yeye."

Akaikunja, akairudisha chini ya mguu, akaniambia niondoke ana kazi. Hakulia, usijidanganye. Alinisahihishia tu kola ya shati.

Mimi sitakuambia la kufanya. Sisi tarehe 24 ikitukuta, itatukuta pale pale, kibarazani, macho makavu.

Mjomba wako, marehemu mtarajiwa.


27 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nawasalimu wote, na mtoto, na mkeo. Mwambie habari za kanga yake zimenifikia mpaka huku.

Ni kweli, niliipiga chapa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na mwezi wa pili kazini. Waliniwekea mezani karatasi ya mkono, wakasema ipigwe vizuri itumwe leo. Niliona jina lake mstari wa kwanza. Nilidhani nikikataa nitafukuzwa, nikapiga. Na si kupiga tu, Mjomba. Niliisahihisha. Walikuwa wamekosea neno "kutengwa", nikalirekebisha. Nilipanga mistari ikae sawa. Ikatoka barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na mkuu wa ofisi akanisifu. Ndipo nikaanza kusema kazi ni nyingi, sipati likizo. Likizo nilikuwa nazo zote.

Tarehe 24 halmashauri ilikaa. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu, nimekaa pembeni kama kawaida. Mzee wa kanda alisema Kikundi cha Saba kimeliaibisha kanisa mtaani. Mmoja akauliza wako wangapi. Nikafungua fomu nikawasomea: walikuwa watano, sasa ni tisa, na kati ya hao tisa watatu hawakuwa wamekanyaga ibada miaka mingi. Mwenyekiti akasema utaratibu ni utaratibu, wakapiga kura, mkafutwa. Na wewe umetengwa. Nasikitika, Mjomba, lakini nadhani wewe husikitiki.

Mwenyekiti akanigeukia, akasema, "Ipige chapa itoke leo."

Nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama. Nikasema, "Hii sitaipiga."

"Kwa nini?"

"Ile ya kwanza niliipiga mimi. Ilikuwa ya mama yangu."

Isipokuwa mzee wa kanda, hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anajua, Mjomba. Miaka kumi na moja nakaa nao meza moja, sikuwahi kuwaambia nina mama. Mzee wa kanda akasema hayo ni mambo ya kifamilia, yasiletwe kikaoni. Nikamwambia, "Basi tulete ya familia yako kwanza. Mama yangu alisimama. Mpaka leo wewe umekaa." Na kweli alikuwa amekaa. Wengine wakaangalia viatu.

Nikaweka funguo za ofisi mezani, juu ya fomu za vikundi vyote mia na kumi. Wameniambia niende nyumbani nikafikiri. Nimeshafikiri, kilichobaki ni nauli na sanduku.

Barua yenu imeandikwa na mtu mwingine, kwa kalamu. Nimeiona kabla sijatoka. Ina makosa manne.

Mjomba, muulize mama kama naweza kuja. Mwambie nimesema. Mwambie nimechelewa, lakini nimesema mwenyewe, na mbele ya watu.

Mpwa wako asiye na ofisi.


5 Mei

Mpwa wangu,

Leo salamu ni fupi, basi la posta linaondoka. Wazima wote, hata mimi niliyetengwa. Nimejikagua kwenye kioo, ni yule yule.

Barua ya kutufuta ilifika Jumanne. Tulimpa Chaki. Akatoa kalamu nyekundu, naye anayo, akaisahihisha kibarazani huku mlinzi akimshikia mwavuli. Wewe uliona makosa manne, yeye kapata saba. Ameipa alama tatu kwa kumi, akaandika chini "Rudia", na tumeirudisha halmashauri kwa posta ya kawaida. Fomu za wiki tutaendelea kuzijaza. Hakuna wa kumpelekea, lakini Chaki akikosa cha kujaza anaumwa.

Mama yako nilimsomea barua yako yote, mpaka pale uliposimama. Nilipofika hapo akanisimamisha. "Rudia," akasema. Nikarudia. Akasema tena, "Rudia." Nimerudia mara tatu mpaka koo likakauka, na maji sikupewa. Kisha nikamuuliza, "Nimjibu nini? Aje?"

Akasema, "Mlango haujawahi kumfukuza. Mwambie asiupige teke, nimeshauchonga chini, haukwami tena."

Kwa hiyo njoo Jumatano. Usije kwangu kwanza, wala usipitie kuoga. Shuka, fuata bomba la maji, utatuona.

Kiti chako kipo. Bado kinayumba, nilitaka kukata miguu mingine mitatu ilingane, mama yako akanikataza, akaniambia nitakipunguza mpaka ukae chini kama mtoto. Jana akaingia ndani, akainama chini ya cherehani, akatoka na ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaisukuma chini ya mguu mfupi, akakalia kiti kujaribu, akajitikisa huku na huku.

Hakiyumbi. Cherehani ndiyo inayoyumba sasa, na anasema itasubiri.

Mjomba wako.